Pikipiki ya umeme na sola nyumbani: Hesabu ya Handeni na Korogwe kabla ya kutoa hela

- Faida kubwa inatokana na kuacha petroli, siyo kuacha umeme wa TANESCO.
- Kuchaji kila siku kunaweza kuitoa nyumba kwenye uniti za bei nafuu.
- Jua linawaka pikipiki ikiwa barabarani, na hapo ndipo mipango mingi ya sola inapokwama.

Kwa dereva bodaboda wa Korogwe au Handeni, siku huanzia sheli. Kabla hajapata abiria wa kwanza, ameshatoa hela ya mafuta. Akiwa kijijini, mbali na sheli, ananunua petroli ya chupa ambayo bei yake ni ya juu zaidi. Jioni kuna hesabu ya bosi, na kinachobaki ndicho cha nyumbani.

Ndiyo maana pikipiki za umeme zinazungumzwa sana vijiweni. Ahadi yake ni tamu: hakuna petroli, hakuna kumwaga oili, na ukiwa na paneli za sola juu ya bati, unachaji bure. Sehemu kubwa ya ahadi hiyo ni kweli. Lakini neno "bure" lina masharti yake, na ni vizuri mnunuzi akayajua kabla hajauza mbuzi au kuchukua mkopo.

Hesabu zilizo hapa chini ni za mfano. Bei ya petroli hutangazwa na EWURA kila mwezi na hupanda na kushuka. Agosti 2022, kwa mfano, lita moja ilipita Sh3,400 jijini Dar es Salaam. Hapa imechukuliwa Sh2,900 kwa lita ili kurahisisha hesabu. Kila mtu anaweza kuweka bei ya sheli ya kwao.

Kilomita 100 zinagharimu kiasi gani?

Pikipiki ya kawaida ya bodaboda hutumia takriban lita 2 hadi 2.5 kwa kilomita 100, kutegemea mzigo, barabara na hali ya injini. Tukichukua lita 2.3, dereva anayetembea kilomita 100 kwa siku anachoma karibu Sh6,700 za mafuta. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni takriban Sh173,000 kwa mwezi.

Pikipiki ya umeme ya ukubwa huohuo hutumia karibu uniti 4 kwa umbali huo. Wakati wa kuchaji, umeme kiasi hupotea kama joto kwenye chaja na betri, hivyo kinachotoka kwenye soketi ni kama uniti 4.5.

Kwa bei ya TANESCO ya wateja wa kawaida, kundi la T1, uniti moja ni Sh292 kabla ya kodi na tozo, au karibu Sh356 ukijumlisha kila kitu. Uniti 4.5 ni kama Sh1,600.

Kwa hiyo, Sh6,700 za mafuta zinageuka Sh1,600 za LUKU. Hapo hakuna hata paneli moja iliyofungwa. Wauzaji wengi huchanganya mambo mawili: faida ya kuacha petroli na faida ya kuacha TANESCO. Ya kwanza ni kubwa sana. Ya pili ni ndogo, na inategemea mnunuzi anaishi wapi na yuko kundi gani la umeme.

Mtego wa uniti 75

Nyumba nyingi za vijijini ziko kundi la D1, lile la matumizi madogo. Huko uniti ni Sh100 kabla ya kodi na tozo, sawa na Sh122 ukijumlisha, mradi matumizi yasizidi uniti 75 kwa mwezi. Zikizidi, kila uniti ya ziada hutozwa Sh350 kabla ya kodi, yaani kama Sh427. Mteja anayezidisha mara kwa mara huhamishiwa T1.

Chukulia nyumba ya Kabuku au Mombo inayotumia uniti 40 kwa mwezi kwa taa, redio, televisheni na simu. Mwenye nyumba analipa chini ya Sh5,000. Sasa analeta pikipiki ya umeme ya kazi, inayokula uniti 4.5 kwa siku. Kwa siku 26, hizo ni uniti 117. Ukijumlisha na zile 40, nyumba inafika uniti 157.

Hapo D1 imekwisha. Akishahamishiwa T1, bili nzima inakuwa karibu Sh56,000, kwa sababu hata zile uniti 40 za taa na redio sasa zinalipiwa bei ya juu. Maana yake pikipiki imeongeza Sh51,000 kwa mwezi, siyo Sh14,000 ambazo mtu angepata kwa kuzidisha uniti 117 na Sh122.

Je, bado inalipa? Ndiyo. Sh51,000 ni chini ya theluthi moja ya Sh173,000 za petroli. Lakini ni vizuri familia ikajua mapema, maana anayenunua LUKU nyumbani si lazima awe ndiye anayeendesha pikipiki. Nyumba za kupanga zenye mita moja ya pamoja zinaweza kugombana kwa jambo hili tu.

Anayefaidika zaidi huenda siye bodaboda

Hesabu inageuka kabisa kwa mtu anayetembea kidogo. Mwalimu, mhudumu wa zahanati au afisa ugani anayekwenda kazini na kurudi, jumla kilomita 25 kwa siku, anahitaji kama uniti 1.1 tu. Kwa mwezi ni uniti 29.

Nyumba yake ikiwa inatumia uniti 40, jumla inakuwa 69. Bado yuko D1. Umeme wa pikipiki kwa mwezi mzima unamgharimu takriban Sh3,500, wakati petroli ya umbali huohuo ingemla kama Sh43,000.

Mtu huyu hahitaji paneli ili apate faida. Anahitaji soketi nzima, waya mzuri na usiku mmoja wa kuchaji. Tena chombo chake hushinda kimeegeshwa mchana, jambo ambalo kwa sola ni muhimu kuliko ukubwa wa paneli.

Jua na ratiba ya kazi

Handeni na Korogwe zina jua la kutosha. Lakini saa 12 za mchana siyo saa 12 za jua kali. Asubuhi na jioni mwanga ni hafifu. Ukikusanya mwanga wa siku nzima, eneo kama hili hupata kiasi kinacholingana na saa 4.5 hadi 5 za jua kamili. Ukitoa upotevu wa joto, vumbi, nyaya na inveta, paneli moja ya wati 400 hutoa karibu uniti 1.4 kwa siku nzuri.

Dereva wa kilomita 100 anahitaji uniti 4.5. Hizo ni paneli tatu zikiwa hoi, au nne ili abaki na akiba ya siku za mawingu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hata nne zinaweza zisitoshe baadhi ya siku.

Shida yenyewe ni muda. Paneli hufanya kazi vizuri kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Muda huohuo bodaboda yuko barabarani, labda Mkata, labda Segera, labda anapeleka mgonjwa hospitali. Anaporudi saa 2 usiku, paneli zimelala.

Kuna njia nne za kukabiliana na hilo, na kila moja ina gharama yake.

1. Betri mbili za pikipiki. Moja inafanya kazi, nyingine inabaki nyumbani ikichajiwa na jua. Njia hii inafaa ikiwa pikipiki ina betri inayochomoka. Betri ya uniti tatu hivi ina uzito unaokaribia ndoo ya maji ya lita 20, kwa hiyo mtu mzima anaweza kuibeba. Ubaya ni kwamba betri ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye chombo hicho.

2. Betri ya nyumbani. Umeme wa mchana unahifadhiwa kwenye betri ya ukutani, kisha usiku unahamia kwenye pikipiki. Kwa kuwa kila kuhama kuna upotevu, betri hiyo inatakiwa iwe ya uniti 5.5 hadi 6, yaani kubwa kuliko ya pikipiki yenyewe. Kwa kazi ya kuchaji pikipiki peke yake, ni njia ya gharama kubwa.

3. Kupumzika mchana. Dereva anafanya kazi alfajiri hadi saa 4, anarudi kuchaji hadi saa 9, kisha anaingia tena jioni. Wanaobeba wanafunzi, wafanyakazi wa mashamba ya mkonge na abiria wa mabasi ya asubuhi wanaweza kuipanga hivi. Siku ya gulio inakuwa ngumu.

4. Kuchanganya. Jua linatumika nyumbani mchana, kwa friji ya duka, kuchaji simu za wateja au mashine ya kunyolea. Pikipiki inachajiwa usiku kwa TANESCO. Paneli zinapunguza matumizi ya mchana, na jumla ya uniti inakuwa ndogo.

Paneli zinarudisha hela lini?

Tuchukue kwa mfano tu kwamba mfumo mzima wa paneli nne, inveta, chaja kontrola, nyaya na ufundi umegharimu Sh2 milioni.

Kwa nyumba iliyo T1 tayari, jua linaokoa uniti 117 kwa Sh356. Hiyo ni kama Sh41,600 kwa mwezi. Hela inarudi baada ya miaka minne.

Kwa nyumba iliyo D1, jua linaizuia isivuke uniti 75, na kuokoa zile Sh51,000. Hela inarudi baada ya miaka mitatu na miezi kadhaa.

Kwa kitongoji ambacho nguzo haijafika, kinacholinganishwa ni petroli yenyewe. Kuokoa Sh173,000 kwa mwezi kunarudisha Sh2 milioni ndani ya mwaka hivi, ingawa hapo bado hajalipia pikipiki na betri ya pili.

Mfumo ni uleule kwa wote watatu, na tofauti inaletwa na nguzo ya umeme. Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,300, ambavyo REA imekuwa ikivifikishia umeme, lakini vitongoji ni zaidi ya 64,000. Mara nyingi kijiji huhesabiwa kimefikiwa wakati kitongoji cha pembeni bado kinasubiri. Mkazi wa huko ndiye sola inayemfaa kwanza. Aliye karibu na nguzo, kwa gharama ya kuunganishwa ya vijijini ya Sh27,000, anaweza kuanza na TANESCO na kuongeza paneli baadaye.

Kuna sababu nyingine ya kuwa na paneli hata kwa mwenye LUKU: umeme ukikatika. Walioishi na mgao wa mwishoni mwa 2023 wanajua. Hali ya uzalishaji imebadilika tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuwashwa 2024. Hata hivyo nguzo inaweza kuanguka kwa mvua, na dereva ambaye betri yake haijajaa asubuhi hana kazi siku hiyo. Chupa ya petroli haiwezi kumsaidia.

Barabara nayo inakula chaji

Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 za lami. Handeni iko juu zaidi ya Korogwe kwa mita mia kadhaa, hivyo safari ya kwenda ni ya kupanda. Pikipiki yenye betri ya uniti 3.2, ikiwa na abiria mmoja, inaweza kutumia kama uniti 2.9 kufika. Imefika, lakini haiwezi kurudi bila kuchaji. Kurudi ni nafuu kidogo kwa sababu ya mteremko.

Ukiacha lami hali ni nyingine. Mchanga, matope ya masika na gunia mbili za mahindi nyuma hupunguza umbali. Takwimu ya kilomita iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji kwa kawaida ni ya dereva mmoja, barabara tambarare na mwendo wa wastani. Mnunuzi mwenye busara huomba kujaribu chombo akiwa na abiria, kwenye barabara anayoitumia kila siku.

Bajaji ya umeme hula karibu mara mbili ya pikipiki, hivyo paneli zinazidishwa mara mbili pia. Gari dogo la umeme hutumia takriban uniti 15 kwa kilomita 100. Kulichaji kwa jua kila siku kwa umbali huo kunahitaji paneli 11 au 12 za wati 400. Hiyo ni kazi ya bati zima, na kwa nyumba nyingi za vijijini bado ni ndoto ya mbali.

Kituo kimoja kwa kijiji

Sehemu nyingine za Afrika zimechagua njia tofauti na ya kila mtu kufunga paneli zake. Rwanda, kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 na vituo ambako dereva anaacha betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa. Dereva hamiliki betri, kwa hiyo haogopi ikichoka.

Wedza, wilaya ya vijijini Zimbabwe, Mobility for Africa imekuwa ikiwapatia wakulima, wengi wao wanawake, pikipiki za umeme za matairi matatu zinazochajiwa kwenye vituo vya sola vya pamoja. Wanabebea mazao, kuni na maji. Kenya nayo ilitangaza bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri mwaka 2023, ambapo usiku ni nusu ya bei ya mchana.

Korogwe yenyewe si ngeni kwa umeme wa pamoja. Mitambo ya maji ya Hale, megawati 21, ilianza kufanya kazi 1964. Katika kijiji cha Mpale, milimani wilayani humo, kampuni ya Ensol ilijenga gridi ndogo ya sola ya kilowati 48. Gridi ndogo za aina hiyo mara nyingi huwa na umeme wa ziada mchana, watu wakiwa shambani. Betri za pikipiki zinazoachwa kituoni asubuhi na kuchukuliwa mchana zinaweza kuutumia umeme huo usipotee.

Chama cha bodaboda, SACCOS au AMCOS inaweza kufanya jambo kama hilo kwa kiwango kidogo: paneli kumi, betri kadhaa za akiba na mtu mmoja wa kusimamia. Tatizo la jua na ratiba linapungua kwa sababu kila mara kuna betri inayochajiwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Betri ni ya aina gani? Za asidi ni nafuu, lakini nyingi huchoka baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500. Kwa bodaboda anayechaji kila siku, huo ni mwaka mmoja na kidogo. Za lithiamu aina ya fosfeti ya chuma huweza kuvuka mara 2,000.

Dhamana ya betri ni ya muda gani, na nani anaitekeleza? Kama duka liko Dar es Salaam, iandikwe nani analipa nauli ya kuipeleka na kuirudisha.

Je, inachomoka? Kama haichomoki, njia ya betri mbili haipo tena.

Fundi yuko wapi? Pancha na breki atazifanya fundi yeyote. Kontrola na mota zinahitaji mtu aliyesomea na vipuri vyake.

Chombo kina nyaraka? Pikipiki ya umeme ya biashara ni chombo cha moto kama vingine, hivyo usajili, bima na leseni vinahusika.

Nyaya za nyumba zikoje? Chaja hukaa kwenye soketi saa nyingi mfululizo. Soketi iliyolegea, waya mwembamba au kukosa ethi ni hatari ya moto. Betri ichajiwe mahali penye hewa, mbali na kitanda na mafuta ya taa.

Kwa wanaochukua chombo kwa mkataba, kuna swali moja zaidi. Bosi akinunua pikipiki ya umeme, hesabu ya siku inabaki ileile au inapanda kwa kuwa dereva hanunui mafuta? Na betri ikifa kabla mkataba haujaisha, ni ya nani? Hayo yakiachwa kwa mdomo, faida yote ya kuacha petroli inaweza kuishia mfukoni mwa mtu mmoja.

Pa kuanzia hapahitaji hela. Dereva anaweza kuandika kilomita za siku saba mfululizo kutoka kwenye dashibodi, pamoja na hela ya mafuta ya kila siku. Nyumbani asome mita ya LUKU mwanzo na mwisho wa wiki hiyo, na aandike pia saa ambazo chombo huegeshwa. Akiwa na karatasi hiyo mkononi, muuzaji wa pikipiki na fundi wa sola watamjibu maswali yake, badala ya kumuuzia walichonacho dukani.